Taa za Breki za Lori la Shemeji

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Buffalo. Mgongo wako umepoa? Na mama, bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira na sitaificha. Najua shemeji Bahati ameshakupigia kusema nina kiburi, nakataa kuendesha lori lake, na kwamba Jumapili familia itakaa kwenye simu kunihukumu. Basi sikia na upande wangu.

Lori lenyewe limezeeka. Nilitoka nalo Louisville, na nilipofika Columbus dereva mmoja Mrundi akaniambia taa zangu za breki haziwaki. Nikafanya ulivyonifundisha: nikakaza ufagio kati ya kiti na pedali ya breki, nikazunguka nyuma kutazama. Giza. Balbu ni nzima, fyuzi ni nzima. Umeme unafika kwenye swichi ya breki, ile inayosukumwa na upepo wa breki, lakini hautoki upande wa pili. Swichi imekufa, hakuna jambo lingine! Nikampigia shemeji anunue nyingine, akasema nirudi tu, atatengeneza mwenyewe.

Siku chache baadaye akaniita Tonawanda, tunakoliegesha. Alikuwa anacheka.

"Shemeji, ona, zinawaka! Bon, tulipeleke kanisani waliombee."

Mchungaji alikuwa ameshafika kanisani anatungoja, nikapanda, shemeji akakaa kando yangu. Dada Furaha, mkewe, akanifuata nyuma na gari yao, pamoja na Neema, mjukuu wako. Kwenye Grant Street mama mmoja mwenye mifuko akavuka ghafla, nikakanyaga breki. Nyuma nikasikia matairi yakilia, kisha kishindo. Furaha alikuwa amepinda usukani na kugonga nguzo. Neema alipasuka mdomo, ikabidi ashonwe.

"Taa yako iliwaka tu tangu Tonawanda!" Furaha alikuwa analia. "Njo ningejua aje kama unasimama?"

Nikaingia chini ya lori. Papa, yule mtu alichomoa nyaya mbili za swichi, akazisokota pamoja, akafunga plasta! Taa zinawaka saa zote, ukanyage usikanyage. Ni ujanja ule ule wa barabara ya Uvira, wa kumridhisha polisi kwenye kizuizi: akiona nyekundu, unapita. Tulipofika kanisani nilimfokea mbele ya mchungaji, naye akanijibu, "Mungu amewalinda, donc shida iko wapi?" Nusura nimkamate shati.

Sigusi usukani ule mpaka nione swichi mpya kwa macho yangu. Kama hicho ni kiburi, basi ninacho.

Nisalimie mama, shangazi muuza mihogo, na mdogo wangu mwendesha baiskeli.

Jumapili, shemeji akimaliza kueleza kiburi changu, mwambieni ampe Neema simu. Anaongea kwa shida kwa sababu ya nyuzi, lakini msimkatize.

Mwanao,
Amani