Kibao Tulichokiruka

Baba,

Shikamoo. Nimefanya jambo la aibu, na wa kumwambia sina ila wewe.

Tangu tukuzike Ujiji, tumehamishwa. Tuko kijiji cha ujamaa, mbele ya Simbo. Nyumba zimepangwa mstari, na kutoka bila ruhusa ya katibu hutoki. Siku moja nilikuwa napalilia shamba la pamoja huku naimba ule wimbo wako wa ziwa, ule waliouchezea sana pale klabuni Kigoma sikukuu ya Uhuru. Katibu akauliza nani kautunga. Nikakumbuka watu wa kamati ya chama kule Kigoma walivyokuwa wakikuita mpiga piano wa walevi. Nikaogopa wakijua ni wako watanichukia nami. Nikasema, mimi.

Mimi, Baba! Kweli ulimi hauna mfupa.

Basi wameubadilisha maneno. Pale uliposema mpenzi, wameweka jembe. Kila asubuhi kijiji kizima kinauimba kwenda shamba, na mimi natangulizwa mbele. Sasa wanataka wimbo wa pili, na kichwani mwangu hamna kitu. Ningekuwa na kipaji chako ningeiba wako?

Juzi imeletwa piano kutoka misheni, nzima kabisa. Nikaketi kupiga. Unakikumbuka kile kibao cha piano ya klabuni, kilichokufa kwa unyevu wa ziwa, hata ukikibonyeza hakilii? Ukatunga nyimbo zako zote kwa kukiruka, ukanifundisha hivyohivyo: "Ruka, mwanangu, hapo pana shimo." Loo, vidole viliruka vyenyewe! Kibao cha piano hii ni kizima, kinalia vizuri, na mimi nakiruka. Nikajilazimisha kukigusa, wimbo ukaharibika. Shangazi alikuwa mlangoni. Akafunika mdomo kwa khanga, akasema, "Hapo ni kaka yangu." Ananipakulia chakula, ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi wanakuja wageni wa mkoa, nami nitasimamishwa kama mtunzi. Nikisema kweli, nimeumbuka mbele ya kijiji, na kijiji chenyewe siwezi kukihama. Nikinyamaza, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, kwa mikono yangu. Sina pa kutokea, Baba. Nimechoka.

Lakini nakuahidi: nitataja jina lako kabla sijagusa piano. Wakiniondoa kitini, sawa. Wakiniacha, nitapiga kwa maneno yako, na nikifika pale, nitaruka.

Pumzika, Baba. Shimo letu sitalifukia.

Mwanao,
Zena