Kiti cha Baba Yako Kimehama

Mume wangu mdogo,

Hivi wewe mjukuu una miguu kweli? Tangu umletee baba yako kile kiti cha kujilaza hujakanyaga hapa. Haya, kiti sasa kiko kwa msusi, mwisho wa mtaa. Ndiye anayeniandikia barua hii, maana mimi na kalamu hatujuani.

Usinune. Baba yako alipostaafu udereva alihamia kwenye kiti chako. Anakula humo, anasinzia humo, ananiita mimi mama yake nimpe maji! Siku moja kikombe kikamponyoka, vidole vikakataa kukunjika. Daktari akasema presha imepanda, ameze dawa na atembee kila siku. Dawa akameza. Kutembea, akasema, "Kesho, mama." Nimezaa mtoto mmoja tu, sina subira na kesho yake. Nikaita watu wa mkokoteni, wakakibeba.

Alinifokea weee! Lakini kiti anakipenda, basi kila asubuhi anakifuata kwa miguu. Msusi humwacha akae kidogo, kisha humwambia, "Mzee inuka, mteja huyu hapa." Akirudi anapitia sokoni. Jana alinichotea maji mwenyewe, kwa mkono uleule, huku anaimba vibaya kama zamani.

Ukija, usithubutu kukirudisha. Pitia kwa msusi, umwinue baba yako, mtembee wote hadi nyumbani. Na umletee raba. Viatu vyake vimekwisha soli, na mimi sitaki kusikia kisingizio.

Ni mimi, mkeo mkubwa,
Bibi