Fomu Iliyomkataa Kabange

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa, Mama Mapasa,

Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka Kambove, kwa hiyo nakuandikia hapa mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukusomea. Kuna jambo nililokuambia ambalo lazima nilisahihishe.

Ulifika kwangu Katuba kutoka Mitwaba ukiwa na kitenge kimoja na viatu visivyolingana. Mapigano yalikuwa yamewatawanya njiani: Kyungu alikimbia na watu wa kanisa, Kabange na majirani, wewe peke yako. Mapacha wako, wasichana wa miaka kumi na sita, Kyungu wa kwanza kuzaliwa, Kabange wa pili. Ulinieleza yote mara moja, kwa mpangilio, kisha ukaomba maji.

Wakati huo gazeti letu lilikuwa limefungwa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natunza tovuti yake, parokia iliniomba nitengeneze fomu ya mtandaoni ya kutafuta waliopotezana. Niliigawa katika hatua tatu: anayetafuta, anayetafutwa, na jinsi walivyotengana. Mtu hakuweza kwenda hatua ya pili kabla ya kujaza yote ya kwanza. Namba ya simu iliyopungua tarakimu ilirudishwa. Tarehe ya kuzaliwa ambayo haijafika ilirudishwa. Majina ya wanaotafutwa yaliyokubaliwa na fomu yalichapishwa na kubandikwa kila asubuhi katika vituo vya mapokezi, hadi Kambove.

Siku za kwanza watu waliandikwa mara mbili, mara tatu, na wajitolea walipanda pikipiki kumfuata mtu aliyekwisha kupatikana. Nikaongeza kanuni: mama yule yule, tarehe ile ile ya kuzaliwa, basi ni mtu yule yule, mkatae. Niliiandika mezani kwangu huku wewe ukichambua matembele hatua mbili kutoka kwangu. Mtaa mzima ulikuita Mama Mapasa, mama wa mapacha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekuita hivyo asubuhi ile, nilipokuletea chai. Na bado niliiandika.

Kesho yake, kwenye ukumbi wa parokia, uliandika jina la Kyungu, likapita. Ulipofika kwa Kabange, uliniita kwenye kompyuta.

"Mudogo, ordi yako iko inakatala Kabange. Iko inasema alishaandikwa."

"Kabange anachelewaka toka kuzaliwa, Yaya. Gonga tena."

Watu wa kwenye foleni walicheka. Nawe ulicheka kidogo, ukagonga tena. "Mi nilizala babili," ulisema, "ordi inayua mumoya tu." Sikuinua kichwa. Jioni nilipitia orodha ya waliokataliwa, nikaliona jina la Kabange mara mbili, nikaona kwamba kanuni inafanya kazi vizuri.

Kyungu alipatikana siku ya nne. Ulipomkumbatia, mkono wako mmoja ulibaki wazi pembeni, kana kwamba unamngojea mwingine aingie. Niliona. Ni kazi yangu kuona.

Wiki mbili baadaye muuguzi wa kituo cha Kambove alinipigia. Kabange alikuwa pale muda wote. "Kila asubui alikuwa anakuya kusoma liste," aliniambia. "Aliona jina ya dada yake. Yake hapana. Akasema, 'Mama alishachagula.' Akaenda na bantu, hatuyue wapi."

Nilikupa habari hiyo yote, isipokuwa maneno yake. Uliniuliza swali moja: kwa nini jina lake halikuwepo?

"Ni réseau, Yaya," nikasema.

"Basi haiko kosa ya muntu," ukajibu, ukaanza kukunja nguo.

Haikuwa mtandao. Mtandao ulikuwa mzima. Fomu ilifanya sawasawa nilivyoiagiza. Nilikwisha kuifungua na kuiona kanuni yangu kabla hujamaliza kuuliza, na nilikuacha upande gari la Kambove na uongo wangu. Kwa miaka mingi nimewauliza wakubwa wa mji huu kwa nini hawakubali makosa yao. Sasa najua inachukua muda gani kudanganya: haufiki hata wa kuvuta pumzi moja.

Kanuni nimeiondoa. Wasichana wengine wawili waliokataliwa kwa sababu hiyo wamebandikwa, na mmoja amepatikana. Kabange bado.

Jana nilikaa mwenyewe mbele ya fomu. Anayetafuta: nikaandika jina langu. Anayetafutwa: nikaandika Kabange, akapita, kisha nikaanza upya na kuandika jina lako. Hatua ya mwisho inauliza sababu ya kutengana, na kuna ya kuchagua: vita, ugonjwa, njia, nyingine. Ukichagua "nyingine" lazima uandike maelezo, la sivyo haikuruhusu kutuma. Nilijaribu kuituma ikiwa tupu. Ikanirudisha. Nikaandika: "Nilimkataa mtoto wake, kisha nikamdanganya." Ikakubali.

Kyungu anakula, anasoma, haniulizi kitu. Barua hii nimempa aisome kabla ya mtu mwingine.

Ukisomewa maneno haya ukiwa njiani, Yaya, kula kwanza, kisha ukasirike. Na ukimkuta Kabange kabla yangu, mwambie wewe hukuchagua. Mwambie ni mama yake mdogo.

Mdogo wako wa Katuba