Kuitikia si kukubali

Mwenzangu, nimejifungia stoo ya wodi.

Yule bibi wa kitanda cha nne, anayejua lugha ya kwetu tu. Jana daktari aliniita nimtafsirie kwamba mguu umeoza, lazima ukatwe. Kila nikisema sentensi, bibi anajibu "ee." Nikamwambia daktari amekubali. Mimi mwenyewe nikamshika dole gumba, nikaligandamiza kwenye fomu.

Leo kazinduka, akapapasa shuka. "Mguu wangu uko wapi?"

"Bibi, si ulikubali?"

"Nilikuitikia, mjukuu wangu. Mtu akisema nawe, utamnyamazia?"

Alikuwa ananiitikia. Kwetu "ee" ni nakusikia, endelea. Nalijua hilo tangu utotoni. Jana nilikuwa na haraka tu.

Nikamkimbilia daktari. Kaitazama fomu, kasema, "Dole lipo. Na tusingekata, angekufa." Akaendelea na wagonjwa wake.

Sasa mwana wa bibi yuko getini. Nimemwambia bibi kwamba daktari ndiye atakayemweleza. Kakataa katakata.

"Utamwambia wewe, kwa lugha yetu, nami nikisikiliza."

Wananiita. Namwanzaje?