Maji ya Nyuma ya Kilima

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Tumefika nyanda za juu, mbele ya kijiji cha Oloipiri. Vumbi! Hata mate yamekuwa tope. Kazi ni kupima chemchemi zote na kuzichora kwenye ramani. Leonce, bosi wangu kule Karatu, kasema ni mradi wa maji wa vijiji. Dereva wetu Hhando kasikia, akaguna tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mama mmoja wa Kimasai, Naishorua, katutembeza kutwa. Mimi namwita yeyo, yaani mama, yeye ananiita mwanangu. Kila chemchemi ina jina lake — hii ya ndama, ile ya wazazi waliotoka kujifungua. Nikazinasa zote kwenye GPS. Akanipa maziwa. Akauliza, bomba linakuja lini? Nikamjibu, karibuni tu, yeyo. Kwa uhakika kabisa!

Jumatano, 11 Septemba

Ramani imetoka. Nzuri, siwezi kukataa — miinuko, mabonde, rangi. Pembeni jina langu: Mpima, Laurencia. Majina aliyonipa yeyo yamefutwa yote. Badala yake: "Maji. Hayana watumiaji." Hayana!

Nikamfuata Leonce. Eti mteja aliyelipia ramani anajenga kambi ya watalii, watu wakionekana kwenye ramani kibali kitakwama. "Kazi yako kupima, Laurencia. Ng'ombe wa watu waache." Nikarudi mezani kwangu. Nikanywa chai. Ndiyo ushujaa wangu huo.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumerudishwa huku. Leonce kaona doa la kijani kwenye picha ya setilaiti, nyuma ya kilima. Anataka lipimwe leo leo.

Njiani tumepita chemchemi ya ndama. Imezungushiwa waya, na mlinzi amewekwa. Ng'ombe wamesimama nje wananusa tu.

Chini ya kilima tumemkuta Naishorua. Amekaa katikati ya njia, punda wake kando. Nimeshuka, nimemwamkia. Akasema, bila kuniangalia, "Huko hakuna maji. Rudini."

Madumu mgongoni kwa punda yanachuruzika.

Nimerudi ndani ya gari, naandika. Ujumbe wa Leonce: yapo au hayapo? Hhando kazima injini. Anatazama mbele, kwa yule mama.

"Dada, mimi sijaona maji. Wewe umeona?"

Simu inaita. Ni Leonce. Ngoja nipokee.