Basi Limefika Kudwari

Kijiji cha Kudwari,
Wilaya ya Damoh,
Madhya Pradesh.
12 Julai 2014

Mpendwa mdogo wangu Phulmati,

Nakusalimu kwa mapenzi tele. Goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua hizi? Na mkweo, kikohozi kimemwacha? Mimi kifua kimenilemea, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kwake. Maana yake naijua. Lakini usianze kulia, kwani leo nina furaha ya mtoto aliyevalishwa viatu vipya.

Jana basi lilifika Kudwari. Basi zima, lenye honi, lilivuka daraja jipya huku kijito chetu kikinguruma chini yake, likasimama mbele ya duka la Bihari. Katikati ya mvua, Phulmati.

Nilikueleza jinsi tulivyoikosa barabara zamani. Serikali ilitaka kijiji chenye watu mia tano, nasi tulizidi. Lakini alipokuja wa kuhesabu watu, mabibi waliwaficha wajukuu kwenye maghala ya ngano, wakihofia kwamba mtoto akihesabiwa, jicho baya humwona. Tukaandikwa wachache, barabara wakapewa jirani zetu. Tangu hapo wagonjwa wa msimu wa mvua tuliwabeba kwa kitanda cha kamba mpaka kijitoni, na wengine, kama marehemu wifi yako, tuliwarudisha kutoka papo hapo wakiwa maiti, maji yakiwa hayavukiki.

Hesabu iliyofuata, Bibi Sukhrani, kinara wa kuficha, alikaa tena mlangoni mwa ghala lake. Nirupa, binti aliyekuja kuhesabu, nami nikimwongoza nyumba kwa nyumba, akamwambia, "Bibi, nasikia ghala linakohoa."

"Panya hao."

"Panya wa siku hizi wanacheka pia?"

Sukhrani akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye msomi. Hawa wakidhurika, utawarudisha kwa hesabu zako?"

Nikamwambia, "Waliofia kijitoni hawakuwa wamehesabiwa, Sukhrani. Kuliwasaidia nini?"

Aliinuka, akafungua ghala. Kisha akawatoa mmoja mmoja, kila mmoja akimpaka doa la wanja shavuni, kinga ya jicho baya. "Haya, hesabu. Ila changanya na mbuzi wangu wawili, jicho lipotee njia."

"Mbuzi hawana nafasi kwenye karatasi yangu, Bibi."

"Kwani wao watapanda basi la nani?"

Hesabu ikatimia, tukapewa barabara na daraja, na basi hilo ndilo lililokuja. Nilibebwa kwenda kulipokea kwa kitanda kile kile cha kamba. Utingo akaniuliza, "Mzee, unapanda au unasindikiza?" Nikasema nimekuja kutazama tu. "Haya, tazama. Bure ni leo tu, kesho nauli."

Sasa nikuungamie jambo kabla sijaondoka duniani. Sikukuu yetu ya Rakhi, ya dada kumfunga kaka uzi mkononi, huangukia mvuani, na kila mwaka nimekuandikia usihangaike, uzi ulioutuma kwa posta unatosha, mkamwana wangu atanifunga mkononi kwa niaba yako. Haujatosha hata mara moja. Huutazama mkono wangu nikavitamani vidole vyako.

Na hili usimwambie mtu. Mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote na kuwacheka mabibi, jana nilichovya kidole kwenye wanja, nikaomba nisogezwe, nikalipaka basi doa jeusi kando ya mlango. Utaliona ukipanda.

Njoo Rakhi hii. Ukifika Damoh uliza basi la Kudwari, na wakikwambia hakuna basi kama hilo, bishana nao, wewe hujawahi kushindwa. Uzi uje nao mwenyewe. Usiupe posta.

Nisalimie shemeji Harprasad, mwanao Kamta na mkewe, na yule mjukuu mtundu. Bibi Sukhrani anakusalimu, anasema uje na tambuu ya Nagpur. Mungu akushike mkono njiani na goti lako alipe nguvu.

Usiniulize zimebaki siku ngapi mpaka sikukuu. Kuhesabu najua, ila siku hizi sizihesabu.

Ni mimi kaka yako, ambaye hajaacha kukupenda,
Gajadhar