Mto Ulipoikata Shingo ya Bustani Yetu

Maposeni

Baba,

Shikamoo. Sijui kama inafika huko uliko, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mto umeihama bustani yetu. Unakumbuka ulivyoizunguka pande tatu, ukatubakizia shingo nyembamba ya ardhi ya kupita kwenda kwenye mahindi? Ulikuwa ukiniambia, "Mama, mto huu mvivu, unazunguka kama mtoto aliyetumwa asikotaka." Masika haya maji yalijaa, yakaikata ile shingo, yakapita moja kwa moja.

Mwalimu wa jiografia ametufundisha. Upande wa nje wa kona maji hukimbia na kula ukingo. Upande wa ndani hutembea polepole na kuacha mchanga. Kona huzidi kujipinda, shingo huzidi kukonda, mpaka mafuriko yaikate. Kisha mchanga huziba njia ya zamani huku na huku, na humo hubaki ziwa lililopinda kama upinde. Wenzangu walinakili. Mimi nililia, kwa sababu ziwa hilo nalijua. Halina sauti. Huwa nakaa pale peke yangu nikingoja uniite kutoka kwenye mahindi.

Baba Odilo, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alikuja na mwenyekiti wa kijiji. "Mpaka wetu ni mto," alisema, "na mto wenyewe umenipa bustani hii." Mama aliinamisha kichwa. Mahindi mabichi ya bustani ile ndiyo ada yangu ya shule, tangu tuambiwe wazazi wachangie. Nikasema kwamba mto mliokubaliana ni ule wa zamani, na njia yake ndiyo ziwa hili. Nikawaonyesha matete uliyoyapanda ukingoni kuwa alama.

Baba Odilo aliyatazama sana. "Mimi na baba yako tulipanda siku moja, kila mtu upande wake," akasema. "Akanitania eti udongo wangu unahamia kwake." Akacheka kidogo, akamwambia mwenyekiti mpaka ubaki palepale. Bustani imebaki yetu.

Lakini mwalimu anasema ziwa kama hilo hujaa tope, mwishowe huwa nchi kavu. Hapo nani atajua ulikuwa ukisimama wapi?

Kwa hiyo nakuahidi, Baba: kila masika nitapanda matete mapya, nikiufuata mpindo wote. Kesho Baba Odilo atanivusha kwa mtumbwi wake nikapalilie. Nikifika, nitakuita mimi.

Pumzika.

Mwanao,
Osmunda